Dirisha la Tarehe Kumi na Tano

Sehemu ya Tisa

Kalamu ilikuwa ingali hewani, sentimita moja juu ya karatasi, pale tulipomwacha Théophile, mzee aliyekuwa fundi wa bwawa la umeme la Koni, mbele ya meza ya Gauthier wa Koperative Tusaidiane. Alipe dola mia tano, na deni la dola elfu moja mia tano na hamsini aliloliacha marehemu mkewe lifungwe. Hayo ndiyo yaliyokuwa mapatano. Ndipo Gauthier, akipekuapekua faili, akasema kama mtu anayeongea peke yake:

“Lakini mama Clotilde si alilipa tena mwezi uliopita?”

Mama Clotilde, yaani mkewe Théophile, alikuwa na miezi kumi na minne kaburini.

Kalamu ilikaa hewani muda ambao mtu angeweza kwenda Lubumbashi, akanunua mkate, akarudi nao umepoa.

“Rudilia,” alisema Théophile.

“Alilipa. Tarehe kumi na tano. Dola makumi mbili.”

“Bibi yangu alikufa.”

“Najua, papa. Nilikuja ku kilio, nilikula bukari yenu.” Gauthier aligeuza faili upande wake. “Lakini karatasi zinasema vile. Angalia na macho yako.”

Zilikuwa karatasi kumi na tatu za rangi ya waridi, zimebanwa kwa pini moja yenye kutu. Kila moja dola ishirini. Kila moja tarehe kumi na tano. Na chini ya kila moja, sahihi: C kubwa kama ndoana ya samaki, na mkia wa e ya mwisho ukirudi nyuma kupita chini ya jina zima.

Théophile aliijua sahihi ile. Aliiona mara ya kwanza kwenye kitabu cha ndoa. Clotilde alikuwa mwanamke wa kuweka sahihi hata kwenye kopo la chumvi, ili jirani akiazima asijisahau.

Ilikuwa Septemba ya Likasi, jua la kukaanga yai juu ya kofia ya fundi, na Théophile akazihesabu upya zile karatasi.

“Nani alizileta?”

“Papa, mwenye kutoa pesa njo tunamuuliza kitambulisho. Mwenye kuleta tunamuambia aksanti.”

“Mwenye dirisha hakuona uso?”

“Dirisha iko chini. Unaona vidole tu.”

“Vidole ya namna gani?”

“Vidole ya kushika makumi mbili.” Gauthier alitazama saa ya ukutani. “Papa, unatia sahihi ao hapana? Leo ni Ijumaa. Offre ya kupunguza inaisha lundi, siku tatu tu, tarehe kumi na tano, saa sita ya muchana. Kiisha pale faili inaenda ku tribunali, na ile banamama bane bataitwa.”

Théophile aliweka kalamu mezani, polepole.

“Nikitia sahihi, utaandika nini ku Centrale?”

Centrale, kwa msomaji ambaye bado hajakutana nayo, ni daftari la mashine lililoko Kinshasa. Benki na koperative zote huchungulia humo kabla ya kukukopesha hata bei ya kiberiti. Halisahau.

“Nitaandika: deni imefungwa kwa kupunguziwa.”

“Ku jina ya nani?”

“Ya kikundi. Banamama batano balikopa pamoja, kila mumoja akasimamia mwenzake. Alama ni ya bote. Miaka tano hakuna mwenye atapata mukopo.”

“Hata mwenye kufa anawekewa alama?”

“Mashine haijue kilio, papa.”

Na hapo ndipo kisu kilipokuwa. Akikataa mapatano, wanawake wanne wangeburutwa mahakamani kwa deni la Clotilde. Akiyakubali, wanne haohao wangefungiwa mlango wa mikopo kwa miaka mitano, nao huishi kwa kukopa na kurudisha: samaki, unga, makala ya kupikia, vitenge. Wanne hao ndio watu pekee waliowahi kujaza ua wa Théophile kwa vicheko, na tangu kilio hawakumsalimu tena.

“Sasa niambie,” alisema Théophile. “Hizi makumi mbili kumi na tatu zilienda wapi? Deni haikupungua hata franka.”

“Pénalité njo ilizikula. Pesa ikiingia, faini ya kuchelewa njo inakula kwanza. Deni inakula mabaki.”

“Na mabaki ilikuwa ngapi?”

“Hakukuwa mabaki.”

“Basi pénalité yako imeshiba, Gauthier. Imekula mia mbili na makumi sita, inapangusa mudomo, inaomba tena. Ku Koni, turbine ikikunywa maji vile bila kutoa umeme, tunaifunga, tunamuita ingénieur.”

Gauthier alicheka bila kutaka.

“Pesa yenyewe ya kukopa, ile ya kweli, inabaki ngapi?”

“Mia tisa.”

“Na ile nyingine?”

“Mia sita na makumi tano. Pénalité.”

“Nikileta mia tisa yote mu mukono yako, na weye usamehe pénalité peke yake, utaandika nini?”

Gauthier alifunga faili. Akainuka, akagonga mlango wa bosi, akaingia. Théophile alisikia sauti mbili, kisha moja, kisha kimya. Kijana akarudi akijikuna shingo.

“Bosi anasema, deni ikilipwa yote na pénalité njo ikasamehewa, tunaandika ‘imelipwa’. Alama hakuna, ku jina ya muntu yeyote.”

“Andika ile.”

“Papa, neno yangu…”

“Neno yako ninaipenda, Gauthier. Karatasi njo nitaamini.”

Akaandikiwa. Akapigiwa muhuri. Aliomba pia picha ya zile karatasi kumi na tatu, akapewa. Alipotoka nje alijiona amekua kwa nusu mita.

Kimo kile kilidumu hadi kwenye kona. Bahasha mfukoni mwake ilikuwa na dola mia tano, bei ya friza aliyoiuza wiki ile. Alihitaji mia tisa. Alikuwa na siku tatu.

*

Nyumbani, friza ilikuwa imeacha alama ya mraba kwenye sakafu, nyeupe kuliko saruji nyingine. Théophile aliizunguka kana kwamba friza bado ipo. Kwa miaka mingi aliishi humo na wenzake wawili: Clotilde na mlio wa friza. Sasa wote wawili walikuwa wamenyamaza.

Alisonga bukari, ugali wa huku kwetu. Akatoa sufuria motoni, akaona amesonga ya watu wawili. Mkono wake ulikuwa umekataa kujifunza. Ile ya pili aliiweka kwenye sahani, akaifunika, kama alivyofanya jana na juzi, na asubuhi angewapa kuku wa jirani, ambao kwa miezi kumi na minne walikuwa wamenenepa hata hawawezi tena kuruka ukuta.

Alipanga zile karatasi mezani. Nani?

Swali lake la zamani lilikuwa lingine: pesa zilikwenda wapi? Clotilde aliandika kwamba anakopa kwa ajili ya mashine ya kusaga mahindi. Mashine hiyo hakuna aliyewahi kuiona. Théophile aliitafuta kwa majirani, akaitafuta kwa mafundi, mwishowe akaitafuta hata chini ya kitanda, kana kwamba mashine ya kusaga inaweza kujificha kama panya. Alikuwa ameamua moyoni kwamba wale wanawake wanne walimdanganya mkewe, wakala pesa.

Lakini mwizi halipi dola ishirini kila mwezi kwa miezi kumi na tatu.

Ndipo akaikumbuka siku ya mwisho ya kilio. Sisi wa huku tunajua: siku ile mkubwa wa nyumba husimama mbele ya watu na kuuliza kama marehemu ana deni, mwenye kudai aseme, ili mambo yaishe. Théophile alisimama. Lakini hakuuliza. Shemeji zake wa Kasai walikuwa wamejaa mikeka miwili, yeye alitaka waone kwamba binti yao aliishi vizuri, akasema kwa sauti ya kufika barabarani: “Bibi yangu hakuwa na deni ya muntu. Mwenye kusema anamudai, asimame nimuone macho.”

Kwenye mkeka wa wanawake, Colette, mmoja wa wale wanne, aliinuka nusu, kisha akakaa.

Théophile alimwona. Alidhani anabadilisha mguu.

*

Jumapili baada ya misa alivaa shati la Koni, lile lenye nembo iliyofifia, akashika njia ya kwa Colette, avenue mbili tu. Zamani likelemba ya wale wanawake, mchango wao wa kupokezana kwa zamu, ilikuwa ikikutana uani kwake. Tangu kilio ilihamia kule, na kila Jumapili ya pili ya mwezi upepo ulimletea vicheko vyao bila maneno.

Aliposukuma geti, vicheko vilikatika.

Walikuwa wanne: Colette wa samaki, ambaye akipandisha sauti Kikula watu wa mtaa wa Panda wanaitika, Martine wa makala, Bibiane wa vitenge, na Josée wa unga, mdogo wao, mwanamke wa miaka thelathini asiyesema sana. Kiti cha tano kilikuwa tupu. Juu yake kikombe cha bati, kimefunikwa kifudifudi. Théophile alikijua kikombe kile cha Clotilde. Alikuwa amekitafuta nyumba nzima.

“Tata Théo,” alisema Colette. “Keti.”

“Nikiketi sitasema.”

“Basi simama, sema.”

Aliivua kofia.

“Siku ile ya kilio nilisema Clotilde hakuwa na deni ya muntu. Ilikuwa uongo, na sikujua kama ni uongo. Mama Colette, weye ulitaka kusimama.”

“Nilisimama nusu.”

“Juu ya nini ulirudi chini?”

“Ulitaka nikuite muongo mbele ya bashemeji yako, na bibi yako hana hata juma moja mu udongo?” Colette alikoroga munkoyo wake, kinywaji cha mahindi, kwa kidole. “Tulimeza. Ilitukwama, lakini tulimeza.”

“Na kunisalimu? Ile nayo mulimeza?”

Martine wa makala aligeuka. “Salamu gani, tata? Kila tukipita na avenue yako, weye unashika kiti, unakigeuza, unatupa mugongo.”

“Nilikuwa ninakimbia jua.”

“Nini?”

“Jua. Saa nne inafika ku macho. Ninageuza kiti.”

Bibiane akaanza kutikisika mabega, na Martine akaziba mdomo kwa kitenge, na Colette akasema, “Miezi kumi na mine, Yesu wangu, juu ya jua.” Walicheka, na katikati ya kicheko Théophile akajikuta ameketi, hajui ameketi saa ngapi.

Akawatolea karatasi yenye muhuri. Akawaeleza: mia tisa, pénalité imesamehewa, majina yote matano yatabaki safi, mwisho kesho saa sita. Colette aliisoma mara mbili, akapeleka kidole hadi kwenye muhuri.

“Uko na ngapi?”

“Mia tano. Sikuje kuomba. Nimekuja kuwaambia mbele kabla…”

“Bibiane,” alisema Colette bila kumsikiliza, “leo ni zamu ya nani?”

“Ya kiti.”

“Tata, hatukuruka zamu ya Clotilde hata mara moja. Ikifika, tunaiweka, inasubiri. Ya leo na ya zile mara zingine ni mia ine kasoro kidogo.” Akafungua ncha ya kitenge chake, akatoa noti moja ya nyongeza. “Na ile kasoro njo hii. Usitushukuru. Jina yetu njo tunanunua.”

Théophile alizishika zile pesa kwa mikono miwili. Mia tisa. Ilibidi aseme kitu, na kitu kilichotoka kilikuwa hiki:

“Basi nawashukuru juu ya zile makumi mbili.”

“Makumi mbili gani?”

“Zile munalipa. Kila tarehe kumi na tano.”

Colette alimtazama. “Sisi hatujalipa hata franka. Koperative haikutuita, tukafikiri ni weye unalipa, na kiburi yako inakukataza kusema.”

Théophile alizitandaza karatasi kumi na tatu juu ya kiti cha tano, kuzunguka kikombe. Bibiane aliona sahihi, akafanya ishara ya msalaba. Martine alisogeza kiti chake nyuma.

Josée peke yake aliinama karibu.

“Hii si mukono wa mufu,” alisema. “Ya mama Clotilde, ile C ilikuwa inafunga chini. Hii iko wazi.”

“Unajua namna gani?”

“Tata, mama Clotilde alitufundisha kuandika ku meza moja, bantu babili. Minye sikuweza kuiga ile mukia. Mwenzangu aliweza. Alikuwa anaitia ku bulletin ya masomo, juu weye usione alama ya hesabu.”

Théophile hakuuliza mwenzake ni nani. Alikuwa na mtoto mmoja tu duniani. Noëlla. Miaka sita iliyopita alimfuata Hénoc, mchimbaji wa mashimo ya Kakanda, na Théophile akasimama getini akamwambia asikanyage tena pale. Siku ya kilio alikuwa amekaa nyuma ya mikeka yote, amejifunika kichwa. Théophile aliuona mgongo wake ukiondoka. Hakuita.

“Na mashine ya kusaga?” aliuliza, sauti yake ikiwa imepungua.

“Mashine haikuwa,” alisema Colette, akitazama chini. “Hénoc alianguka mu shimo, mufupa ya muguu ikatoka nje. Ku hospitali balimuzuia kutoka mupaka pesa ya daktari ilipwe, na Noëlla naye mimba ya miezi munane. Clotilde alikopa. Akatuapisha.”

“Juu ya kunificha minye.”

“Juu ya kukuficha weye.”

“Noëlla anakuja mu Likasi kila mwezi, na haniambie.”

Josée alikuwa amekunja mikono mapajani. “Alinikataza kusema, lakini anapita mbele ya geti yako, tata. Lori ya Kakanda inamuacha ku barabara, angefika ku koperative kwa njia fupi, lakini anazunguka apite kwenu. Anaangalia, anaenda. Mwezi uliopita alisimama. Alisema, leo nitaingia.”

“Sasa?”

“Ukageuza kiti.”

*

Usiku ule hakusonga bukari ya mtu hata mmoja.

Bahasha ilikuwa na mia tisa. Asubuhi saa mbili dirisha lingefunguliwa, angelipa, majina matano yangesafishwa. Na faili ingefungwa. Na dirisha lililofungiwa faili halipokei dola ishirini. Noëlla angefika, angeambiwa mama yako hana deni tena, angepanda lori. Mwezi ujao hangekuwa na sababu ya kushika njia ile ndefu ya kupita getini.

Deni lile lilikuwa ndilo kitu pekee kilichomleta.

Jumatatu, tarehe kumi na tano, saa mbili Théophile hakwenda. Alitoa kiti nje, akakielekeza barabarani, akakaa, bahasha mfukoni. Kutoka pale hadi koperative ni dakika kumi kwa miguu ya kijana. Kwa miguu yake, kumi na tano.

Saa tatu. Watu walipita, akawasalimu wote, hata wasiomjua.

Saa nne jua likamfikia machoni. Hakugeuza kiti. Machozi yalimtoka, naye akayaacha yadhaniwe ni ya jua.

Saa tano. Martine alipita na mfuko wa makala kichwani. “Tata, uende sasa. Jina yetu iko mu mufuko yako.”

“Ninaenda.”

“Unaenda na kiti?”

Saa tano na nusu. Mkono wake ulikuwa umeshika bahasha hadi imelowa.

Ndipo honi ya lori ikasikika upande wa barabara kubwa. Vumbi liliinuka, likatua. Théophile, macho yamejaa mwanga, aliona kivuli kikija upande wa geti, na kivuli hakikutembea sawasawa. Kilikuwa na miguu mitatu.

Aliinuka. Mbele yake, nje ya geti, bila kulivuka, alisimama mwanaume akiegemea gongo la kutembelea, noti ya dola ishirini imekunjwa kati ya vidole vyake.

“Tata,” alisema Hénoc. “Noëlla alinituma nitangulie. Anabaki mu lori na mutoto. Alisema niangalie kitu kimoja tu, nirudi nimuambie.”

“Kitu gani?”

“Kiti iko inatazama wapi.”

Mfukoni simu ya Théophile ilianza kulia: Gauthier. Ilikuwa saa tano na dakika arobaini na mbili, na pale kwenye kona lori la Kakanda lilikuwa bado halijazima injini.